Sura Iliyotoka kwenye Kopo la Kahawa

Indianapolis, Indiana
3 Aprili 1989

Bwana Niemeyer,

Hunijui. Jina lako nimelisoma kwenye gazeti nikiwa kwa msusi wangu. Wameandika kwamba ulikuwa mchapaji kwa miaka arobaini, umestaafu, na sasa watu wanakuletea kadi za zamani za besiboli na mabango ya matangazo uwaambie kama ni za kweli au za kuigiza. Mimi nilikuwa mpishi wa shule, nami nimestaafu. Nina kadi moja.

Ilitoka ndani ya kopo la kahawa ya Dellinger, iliyokuwa ikiuzwa mtaani kwetu kabla sijazaliwa. Upande mmoja kuna kijana mweusi mwenye sare ya Fall Creek, timu ya watu wetu, maana enzi hizo weupe hawakukubali kucheza nasi. Amevaa ile glavu nene ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Upande wa pili ni tangazo la kahawa. Chini ya picha wameandika A. BURDETTE.

Mama yangu, Orpha, alinipa kadi hii mwaka 1951, siku tatu kabla hajafa. Alisema, "Huyu ndiye baba yako." Lakini baba yangu aliitwa Roscoe Pettiford. Ndiye aliyekuwa mdakaji wa timu hiyo, akafa kwa homa kuu ya 1918 mimi nikiwa na mwaka mmoja tu. Hakuacha picha hata moja. Niliposoma jina la Burdette nikadhani mama anaweweseka, nikaiweka kadi kwenye bahasha. Sikumwuliza neno.

Sikuolewa, kwa hiyo jina la Pettiford ni langu tangu kuzaliwa na nitazikwa nalo. Ninataka kujua kitu kimoja tu. Je, inawezekana wachapaji walikosea jina?

Octavia Pettiford


Dayton, Ohio
12 Aprili 1989

Bi Pettiford,

Inawezekana, tena sana. Nimefanya kazi viwandani na wachapaji tangu nina miaka kumi na saba, na ninakuambia hakuna watu wanaokosea majina kama sisi. Mtu mmoja anapanga picha, mwingine anapanga maandishi, wa tatu ana usingizi. Kadi mia tano zinatoka kabla mtu hajagundua, na zile za mwanzo zinaingia sokoni na kosa lake. Kadi ya namna hiyo ndiyo ambayo sisi wa kazi hii tunaiota.

Kadi za Dellinger nimeziona mbili tu maishani, zote za wachezaji wengine. Watu waliziacha zikalowa kahawa wakazitupa. Ukiweza, niletee yenyewe kwa posta ya kusajiliwa. Iweke katikati ya vipande viwili vya kadibodi, na usibandike gundi wala utepe popote.

Nikuambie ukweli, ili ujue unampa nani kitu chako. Nina miaka thelathini katika shughuli hii, na sijawahi kugundua kosa hata moja ambalo mwenzangu hakuwa ameligundua kabla yangu. Marehemu mke wangu alikuwa akinicheka. "Norbert," alisema, "wewe ni mvuvi anayejua majina ya samaki wote."

Norbert Niemeyer


Indianapolis
24 Aprili 1989

Bwana Niemeyer,

Hii hapa. Nimekaa nayo mezani asubuhi nzima kabla ya kuifunga.

Unaweza kushangaa kwa nini simwulizi mtu aliyemjua baba. Yupo mmoja. Dada yangu Zelma ana miaka themanini, na baba alipokufa yeye alikuwa na tisa. Tunaishi nyumba mbili zinazotazamana, na kila siku lazima mmoja wetu avuke barabara kumletea mwenzake kitu. Lakini Dada Zelma hapendi kuzungumza habari za baba mbele yangu. Nikiuliza, husema, "Tavi, wafu wamelala, waache." Utotoni nilifikiri anaona uchungu. Kadi hii sijawahi kumwonyesha. Niliogopa ataona jina lile na kumsema mama vibaya.

Itunze.

O. Pettiford


Dayton
19 Mei 1989

Bi Pettiford,

Keti kwanza.

Kadi yako ni ya kweli. Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia kwa wiki tatu. Nakala za kisasa, hata zile nzuri, zina vitone vilivyopangwa mistari mistari kama shamba la mahindi. Yako ina vitone vya mkono, vimetawanyika kama mchanga, kama rangi inavyokaa ikitoka kwenye jiwe la kuchapia. Karatasi imegeuka rangi ya chai kuanzia pembeni kuingia ndani, kama inavyopaswa. Mtu anayetaka kudanganya huichovya yote kwenye chai ikafanana kote. Hakuna aliyekata kingo zake. Mafuta ya kahawa bado yamo kwenye nyuzi za karatasi.

Sasa jina. Nimepata kumbukumbu za mechi za Fall Creek za mwaka 1916, mwaka kadi hizi zilipotoka. Kati ya mechi thelathini na moja, mdakaji alikuwa R. Pettiford katika zote. A. Burdette alicheza uwanja wa mbali, na mchezaji wa huko havai glavu ile, ingemzuia kukimbia. Kijana wa kwenye kadi yako ameivaa. Kwa hiyo jina ni la Burdette, lakini mtu ni mdakaji. Mama yako hakuwa anaweweseka.

Niliandikia pia maktaba moja ya hapo kwenu kuomba picha ya timu, kwa utaratibu tu. Sioni haja ya kuisubiri.

Bi Pettiford, mtazame baba yako.

Norbert Niemeyer


Indianapolis
30 Mei 1989

Bwana Niemeyer,

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye sanduku la posta, na jirani akatoka kuniuliza kama kuna msiba.

Nilibaki na fotokopi niliyoitengeneza kabla ya kukutumia kadi. Nimeiweka kando ya kioo cha bafuni. Paji la uso ni langu. Hata hili sikio la kushoto lililojitokeza, ambalo watoto wa shule walinitania kwalo miaka yote, ni lake. Zelma hana sikio hili, wala mama hakuwa nalo. Nina miaka sabini na moja na leo ndiyo kwanza ninajua nilikolitoa. Halafu ninamwomba mama msamaha, maana kwa miaka thelathini na minane nimemkumbuka kama mtu aliyekufa akili zikiwa zimemwacha.

Kanisa letu linatimiza miaka sabini na mitano tarehe 16 Julai. Baba alikuwa miongoni mwa waliochimba msingi wake. Kila familia italeta picha ya mtu wake, na sisi Pettiford tulikuwa hatuna cha kuleta. Nimeongea na mpiga picha. Ataikuza fotokopi hii iwe kubwa kama mlango wa kabati na kuliondoa lile jina, aandike Roscoe Pettiford kwa herufi nzuri. Zelma simwambii. Nataka aione siku hiyo hiyo mbele ya watu.

Mungu akulipe.

Octavia


Dayton
2 Agosti 1989

Bi Octavia,

Ninakurudishia kadi kwa posta ya kusajiliwa, pamoja na jarida letu la wakusanyaji la mwezi Julai. Ukurasa wa tatu nimeandika habari ya kadi ya Burdette na Pettiford. Nimeshapokea barua kumi na nne. Mtu mmoja wa Chicago anataka kuja hadi kwako kuiona tu kwa macho.

Umekuwa kimya. Kanisani kulikuwaje? Dada yako alisemaje?

Norbert


Indianapolis
21 Agosti 1989

Bwana Niemeyer,

Picha iliwekwa mbele, upande wa kinanda, imefunikwa shuka jeupe. Mchungaji alitaja jina la Roscoe Pettiford, nikafunua mimi mwenyewe. Watu walipiga makofi. Nilimtazama Dada Zelma, aliyekuwa kiti cha mbele na kofia yake ya zambarau. Hakupiga makofi. Aliitazama picha kwa muda, akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa katikati, taratibu, kwa sababu ya nyonga yake. Watu walidhani amezidiwa na furaha. Mimi pia nilidhani hivyo.

Nilivuka barabara jioni ile na sahani ya chakula. Hakunikaribisha kukaa. Alisema, "Umemsimamisha yule mtu kanisani ukamwita baba yangu."

Nikamwambia ni baba yetu, mtaalamu wa Dayton amethibitisha. Akasema, "Nimesema baba yangu." Akafunga mlango.

Tangu hapo hapokei simu. Taa ya jikoni kwake naiona ikiwaka na kuzimika, basi.

Ninakuuliza kwa heshima. Nani amekosea, wewe au dada yangu?

O. Pettiford


Dayton
1 Septemba 1989

Bi Pettiford,

Nimesikitika mno. Lakini nisingependa ukate tamaa haraka. Dada yako alikuwa mtoto wa miaka tisa, na miaka sabini na moja imepita. Nimeona mara nyingi katika kazi hii: mzee anaapa kwamba huyu ni mjomba wake, kumbe mjomba hakuwahi hata kufika mji ule. Macho ya wazee huona yanachotaka kuona. Glavu haizeeki wala haisahau. Mpe muda atatulia.

Norbert Niemeyer


Indianapolis
9 Oktoba 1989

Bwana Niemeyer,

Nilimsomea Zelma barua yako. Alinifungulia mlango kwa mara ya kwanza baada ya wiki kumi, kwa sababu nilimwambia kupitia dirishani kwamba nina maneno ya mtaalamu. Nilimsomea yote, pamoja na yale ya macho ya wazee.

Halafu akasema, na ninakuandikia kama alivyosema: "Majira ya baridi, mechi zikiisha, baba alikuwa anafanya kazi kwenye treni za kulala, anaondoka wiki tatu, anarudi siku nne. Alonzo Burdette alikuwa amepanga chumba chetu cha juu. Nilikuwa na miaka minane, Tavi. Sikuwa kipofu wakati ule na si kipofu sasa. Baba alijua. Alikulea mwaka mzima akijua, na alipokuwa anakufa alinishika mkono akaniambia nisikuambie kamwe. Nimelibeba hili tangu nina miaka tisa. Wewe umelipeleka kanisani na kulifunua shuka."

Nikamwomba msamaha. Akaniambia niende nyumbani.

Siku nne baadaye gari la wagonjwa lilikuja upande ule wa barabara. Kiharusi. Mpwa wangu alinisubiri kwenye korido ya hospitali, akaniambia mama yake ametikisa kichwa aliposikia jina langu. Nilirudi na maua yangu.

Sikuandikii kama mteja. Huna cha kunilinda nacho tena. Unajua nini ambacho hujaniambia?

Octavia


Dayton
30 Oktoba 1989

Bi Octavia,

Maktaba ilinijibu tarehe 8 Juni. Wiki tano na zaidi kabla ya sherehe yenu, na kabla jarida halijachapwa.

Walinitumia picha ya timu, wachezaji tisa, majina yameandikwa chini kwa wino na meneja wao. Roscoe Pettiford ni mtu mfupi, mpana, mwenye uso wa duara na masharubu. Burdette amesimama nyuma, mrefu, sikio la kushoto limejitokeza. Nilimtambua papo hapo. Halafu nikajiambia picha haionekani vizuri, nikajiambia meneja naye anaweza kukosea, nikaitia kwenye droo. Makala yangu ilikuwa imekwisha andikwa. Nilikuwa nimengoja miaka thelathini.

Mwezi Julai yule mtu wa Chicago alinitumia fotokopi ya kadi nyingine ya Dellinger, ya mrushaji mpira, ambaye naye hana haja na glavu ya mdakaji. Naye amevaa glavu ile ile, kamba ile ile imekatika kwenye kidole gumba. Mpiga picha alikuwa na glavu moja tu studio, na kila kijana aliyeingia alivalishwa hiyo. Huo ndio uliokuwa ushahidi wangu wote. Wachapaji hawakukosea. Jina lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Niliyajua haya nilipokuandikia tarehe moja Septemba kuhusu macho ya wazee. Dada yako alikuwa sahihi, na mimi nilimwita mzee aliyesahau, ukampelekea maneno yangu mlangoni. Sina namna ya kulisema hili likawa dogo. Kipenda roho hula nyama mbichi, na mimi niliila na kukulisha wewe. Nimeandika masahihisho kwenye jarida la mwezi huu. Watu wamenipigia simu kunipongeza kwa uaminifu wangu, na hilo ndilo limenimaliza kabisa.

Kuna jambo lingine. Nilifikiri kulinyamazia, kisha nikakumbuka nilishanyamaza mara moja. Nimemtafuta Burdette katika vitabu vya anwani. Aliondoka Indianapolis majira ya kuchipua mwaka 1917, kabla hujazaliwa. Alikuwa kinyozi Terre Haute, Mtaa wa Kumi na Tatu, hakuoa, na jina lake linaonekana kila mwaka bila kukosa. Alikufa mwezi Machi 1974.

Norbert Niemeyer


Indianapolis
26 Februari 1990

Bwana Niemeyer,

Zelma alifariki tarehe 20 Januari. Hakuweza tena kusema tangu kiharusi, na hata kama angeweza sijui kama angesema nami. Nilikaa nyuma kanisani. Kwenye karatasi ya ibada, aliyoiandika mwenyewe majira ya kiangazi na kumpa binti yake aihifadhi, kuna habari za maisha yake. Inasema alikuwa mtoto wa pekee wa Roscoe Pettiford. Mwishoni kuna majina ya waliobaki, watoto, wajukuu na vitukuu. Nimesoma mara mbili. Watu walinipa pole kwa kupotelewa na dada, na mimi niliitikia.

Barua yako ya Oktoba niliisoma nikaiweka mbali. Tarehe tu ndiyo iliyokuwa inanirudia. Mama alinipa kadi mwaka 1951. Yule mtu alikufa 1974. Miaka ishirini na mitatu alikuwa hai, ananyoa watu, umbali wa saa mbili kwa basi, na mimi nilikuwa na jina lake kwenye bahasha. Mama aliniambia ukweli kwa maneno manne, akiwa na pumzi za kuhesabu. Alitaka nimwulize. Alinitazama akisubiri nimwulize, sasa ndiyo ninaona. Mimi nikamrekebishia mto.

Kwa hiyo sikulaumu peke yako. Ulinidanganya, lakini jambo lenyewe nilikuja nalo mwenyewe mlangoni kwako. Nilikuandikia kukuuliza kama wachapaji walikosea. Sikukuuliza Burdette ni nani.

Juzi Alhamisi nilipanda basi la asubuhi kwenda Terre Haute. Pale palipokuwa na kinyozi wanauza matairi. Kijana wa matairi hakujua kitu, ila alinielekeza kwa Bi Idella Crowe, nyumba ya pili, ana miaka themanini na minane na ameishi pale tangu ndoa yake. Alinipa kahawa na keki ya viazi vitamu, akafurahi kupata mgeni. Nilimwambia namtafuta ndugu. Alimkumbuka Burdette. Alisema alikuwa mtu mrefu, msafi, anafagia mbele ya duka lake na mbele ya duka la jirani. Alizikwa na serikali ya wilaya, hakuna jiwe, na Bi Crowe hakujua ni sehemu gani. Vitu vyake mwenye nyumba alivitoa nje wiki ile ile, watu wakachukua walichotaka.

Nilimwuliza kama aliwahi kusema habari za Indianapolis, au mchezo wa besiboli, au mtoto. Bi Crowe alisema hapana, hakuwa msemaji, wateja ndio walikuwa wakisema.

Basi langu lilikuwa linakaribia. Nilimwuliza jambo moja la mwisho, alikuwa na sauti ya namna gani, nzito au nyembamba. Yule mama alinihurumia, niliona kabisa. Aliweka kikombe chini, akafumba macho, akajitahidi kwa muda mrefu. Kisha akaniambia hakumbuki.

Usiniandikie tena.

Octavia